Petroli au dizeli kwa kuvuta trela: niliyoyaona kati ya Dallas na milima ya Colorado

Vijana wanaofika hapa Dallas, Marekani, kutoka nyumbani na kutaka kuingia kwenye kazi ya kusafirisha magari kwa pikapu na trela huniuliza wanunue ya petroli au ya dizeli. Wengi huuliza kwa adabu tu, jibu wanalo. Wanataka dizeli, na wanataka mtu mzima awaambie endeleeni. Nikianza kuwauliza mzigo utakuwa kilo ngapi, njia ni ipi, na trela itakuwa nyuma yao siku ngapi kwa mwezi, naona nyuso zinabadilika. Mtu wa Iringa kama mimi, mwenye mjomba dereva wa malori ya Tunduma, anakuwaje na maswali mengi juu ya dizeli?

Nimevuta kwa petroli, sasa navuta kwa dizeli, na gari niliyo nayo naipenda. Lakini nimeona ndugu waliojifunga mkopo wa miaka sita kwa ajili ya dizeli, kwa kazi ambayo petroli ingeifanya vizuri na kuwabakizia hela ya kodi ya nyumba. Nimeona pia aliyeng'ang'ania petroli kwenye njia ya milima mpaka kazi ikamchosha akaiacha. Ndiyo maana nauliza.

Imani yetu kwa dizeli ina mizizi. Barabara ya kwenda Zambia inapanda Kitonga kabla ya kufika Iringa, na aliyekulia upande ule ameona lori likipanda pale kwa gia ya kwanza, moshi mweusi umetanda nyuma, utingo akitembea kando na gogo mkononi, tayari kulitupia chini ya tairi likianza kurudi. Malori yale yote yalikuwa ya dizeli. Yakigoma, fundi alilala chini ya gari kando ya barabara, akafungua nozeli, akasafisha, akarudishia, safari ikaendelea. Dizeli mara nyingi ilikuwa nafuu kuliko petroli pale kituoni. Petroli ilikuwa ya gari ndogo za mjini. Kwa maisha yale, kusema gari ya kazi ni dizeli ilikuwa kusema ukweli mtupu.

Dizeli ya pikapu ya Marekani ya leo ni mashine nyingine. Kanuni za EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hii, zilibana masizi kwa injini za kuanzia 2007, kisha zikabana gesi za oksidi za naitrojeni kuanzia 2010. Tangu hapo injini imebebeshwa mfumo wa EGR unaorudisha sehemu ya moshi ndani ili ipite tena, chujio la masizi ambalo kila dereva analiita DPF, na tangi la pembeni la DEF, yaani maji yenye urea asilimia 32.5 yanayonyunyiziwa kwenye moshi kabla haujatoka. Mafuta yanasukumwa kwenye nozeli kwa mgandamizo wa bar 2,000 na zaidi. Pampu ya aina hiyo ikisagika, vumbi la chuma hupita kwenye mfumo mzima wa mafuta, na unabadilisha pampu, reli (bomba linalogawa mafuta kwenye nozeli) na nozeli zote kwa pamoja. Hapo gogo na spana za mjomba hazisaidii. Ni gereji yenye kompyuta, na ni maelfu ya dola. Halafu bei ya kituoni: katika majimbo ninayopita, dizeli huuzwa ghali kuliko petroli karibu wakati wote.

Petroli nayo ina toleo lake la kazi, ambalo wengi wetu hatukulijua nyumbani. Mfano ni V8 ya lita 7.3 ambayo Ford waliitoa kwenye pikapu zao nzito za 2020. Bloku yake ni ya chuma, kemshafti ni moja tu, iko ndani ya bloku na inasukuma valvu kwa fito, na haina turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Iliundwa kwa ajili ya malori ya kampuni, magari ya ujenzi na watu wa kuvuta. GM walitoa ya kwao ya lita 6.6 mwaka huohuo. Hizi huwezi kuziweka kundi moja na injini ya gari ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo nikimpeleka kijana kwenye yadi ya magari, kabla hajafungua boneti namwambia afungue mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna vibandiko. Kimoja kinaeleza uzito wa juu ambao gari lote, pamoja na watu na mzigo, linaruhusiwa kufika. Kingine kinaeleza kilo na paundi unazoweza kupakia juu ya gari. Hicho cha pili ndicho kinachoamua mambo mengi, na wauzaji hawakitaji wakati wanakupigia hesabu ya nguvu za farasi.

Sababu ni hii. Sheria ya shirikisho inadai leseni ya CDL, yaani ya udereva wa kibiashara, daraja A pale uzito ulioidhinishwa wa gari na trela ukijumlishwa unafika paundi 26,001, ambazo ni karibu kilo 11,800, na trela yenyewe ikiwa imezidi paundi 10,000. Anayeanza hana leseni hiyo. Kwa hiyo anatafuta pikapu ya paundi 10,000 na trela ya paundi 16,000, inakuwa 26,000 kamili, na anafanya kazi kihalali kwa leseni ya kawaida. Hata hivyo hajakwepa namba ya usajili ya DOT, yaani wizara ya uchukuzi, kibali, cheti cha afya wala bima, maana anabeba mizigo ya watu kati ya majimbo kwa malipo, na gari lake na trela kwa pamoja vimepita paundi 10,001. Bima peke yake kwa biashara hiyo lazima ifikie dola 750,000. Wengi huambiwa habari ya CDL tu, hayo mengine wanayakuta barabarani.

Sasa chukua trela ya gusineki, ile ambayo shingo yake inakaa juu ya ekseli ya nyuma ndani ya bodi ya pikapu. Trela tupu ina kama paundi 5,000. Weka magari mawili ya paundi 4,000 kila moja, unapata 13,000. Shingo ya gusineki hukandamiza pikapu kwa karibu asilimia 20 ya uzito wa trela, na wakati mwingine zaidi, ukipakia gari zito mbele. Hapo ni paundi 2,600 zimekaa mgongoni mwa gari. Ongeza wewe mwenyewe, minyororo, mikanda, jeki na begi la nguo.

Injini ya dizeli na vifaa vyake ina uzito wa paundi mamia kadhaa zaidi kuliko ya petroli. Uzito huo unatolewa kwenye akiba ya kupakia, kwa sababu kikomo cha gari kimebaki palepale paundi 10,000. Matokeo yake, pikapu ya dizeli ya daraja hilo yenye milango minne na fowili mara nyingi inasoma paundi 2,000 na kitu mlangoni, wakati pacha wake wa petroli anakaribia 3,000 au anapita. Yaani gari yenye nguvu ya kung'oa nyumba imekatazwa kubeba shingo ya trela ambayo yule wa petroli anaibeba ndani ya haki yake. Kijana ambaye hajasoma kibandiko anaondoka na dizeli, anafunga trela, na toka siku ya kwanza amezidisha uzito bila kujua. Springi zinalala, tairi za nyuma zinapata moto, na ikitokea ajali mwanasheria wa upande wa pili atakisoma kile kibandiko kwa sauti mahakamani.

Mizani tunaijua sisi. Hakuna dereva wa Tanzania asiyeijua mizani. Hapa kuna mizani za kulipia kwenye vituo vikubwa vya malori, unapanda na gari na trela, unapewa karatasi inayoonyesha ekseli moja moja. Kila nikipata mzigo wa aina mpya napita hapo kabla ya kuingia barabara kuu. Hela yake ni ndogo sana ukilinganisha na faini au tairi iliyopasuka usiku karibu na Corsicana.

Nilianza na petroli, hiyo V8 ya lita 7.3 kwenye pikapu ya Ford F-250 iliyotumika. Mtaji wangu ulikuwa mdogo na kazi niliyoipata ilikuwa ya Dallas kwenda Houston kwa barabara kuu ya I-45, maili kama 240, na nyingine za kuzunguka Waco, Austin na San Antonio. Ni nchi tambarare. Gari ilikuwa na difu ya 4.30, yaani propela inazunguka mara 4.3 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na hilo nalitilia mkazo kwa yeyote anayenunua petroli ya kuvutia. Kuna hizohizo zenye difu ya 3.55, na ukizivutia mzigo utadhani ni injini tofauti. Mwenye kuuza atakwambia zote ni sawa. Hazifanani. Kodi ya hiyo difu ya 4.30 unailipa kwenye mafuta ukiwa mtupu, lakini trela ikiwa nyuma injini inapumua.

Kwa magari mawili nyuma, petroli ile haikuwahi kuniacha. Ilikuwa inanguruma. Ukipanda daraja la juu giaboksi inashuka gia mbili, mizunguko inafika 4,000, na mtu aliyezoea dizeli anadhani gari inateseka. Haiteseki. Toki yake ya juu, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 644, inapatikana kwenye 4,000 hasa. Dizeli ya Ford ya mwaka huohuo, lita 6.7, inatoa Nm 1,424, na inazitoa kwenye mizunguko 1,600 tu. Hiyo tofauti unaisikia mwilini. Kwa petroli unafika jioni masikio yamechoka, kwa dizeli unafika umetulia. Lakini mteja wa Houston halipi zaidi kwa sababu dereva hakusikia kelele, na oili ya ile petroli ilikuwa kama lita saba na nusu, wakati dizeli hula kumi na mbili, pamoja na filta za mafuta ambazo petroli haizidai kwa namna ile.

Mambo yaligeuka nilipopata mteja wa kupeleka magari Denver, kisha ng'ambo ya milima mpaka Grand Junction.

Kutoka Dallas unapita Wichita Falls na Amarillo, nchi inapanda polepole hata huoni. Halafu unakutana na Raton, mpakani mwa New Mexico na Colorado, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Pale ndipo petroli ilipoanza kunieleza ilivyo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa inayoikuta, na hewa inapungua kadiri unavyopanda. Hesabu ya mafundi ni kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Denver yenyewe iko mita 1,600. Ukitoka Denver kwa I-70 kuelekea magharibi unapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,401, na kabla ya mlango wake barabara inasimama kwa mwinuko wa karibu asilimia saba. Pale injini ya farasi 430 inafanya kazi kama ya farasi 290 hivi. Mzigo haujapungua hata kilo. Nilipanda kwa maili 35 kwa saa, taa za hatari zikiwaka, mguu umekanyaga hadi chini, malori makubwa yananipita. Gari haikuchemsha na haikukwama. Ilikuwa inafanya yote iliyoweza, na nikaelewa kwamba njia hii ikiwa ndiyo kazi yangu ya kila wiki, naiua kwa kuitaka ifanye yasiyo yake.

Dizeli ina turbo inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo urefu ule inausikia kidogo tu. Mlima huohuo, mzigo mkubwa kuliko ule, dizeli niliyo nayo sasa inaupanda kwa mwendo wa barabara na bado nazungumza na mke wangu kwa simu ya gari bila kupaza sauti.

Hata hivyo, kama nilichopata kwa dizeli kingekuwa kupanda tu, nisingeilipia. Kupanda taratibu kunapoteza muda, basi. Nililipia kushuka.

Ukitoka handakini upande wa magharibi unashuka kuelekea Dillon na Silverthorne kwa takriban maili nane, na kando ya barabara wamechimba njia mbili za kuokolea malori yaliyopoteza breki, zimejazwa kokoto nene ili lori lizame. Zinatumika. Utaona michirizi ya matairi imeingia humo. Mjomba alinifundisha kwa maneno ya barabara ya Kitonga, kwamba gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na maneno hayo yanafaa Colorado kama yanavyofaa Kilolo. Petroli ukiiweka gia ya chini inazuia kiasi, kwa sababu ukitoa mguu mlango wa hewa unafunga na injini inakuwa inavuta dhidi ya ombwe. Inapiga kelele kubwa, mizunguko inapanda karibu 5,000, na bado unahitaji kukanyaga breki kwa vipindi. Kukanyaga kwa vipindi, siyo kuilalia. Breki za umeme za trela nazo zinapata moto wake, na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau.

Dizeli kwa asili haina ule mlango wa hewa, kwa hiyo bila msaada inateleza tu. Msaada wake ni breki ya moshi. Unabonyeza kitufe, mabawa ndani ya turbo yanajifunga, moshi unakosa pa kutokea, injini inageuka kuwa kizuizi. Unachagua mwendo juu ya mteremko, unatoa mguu, na gari linashuka lenyewe na tani zake zote, breki za miguu ziko baridi mpaka chini. Mara ya kwanza niliposhuka hivyo na trela iliyojaa nilimpigia mjomba simu nilipofika Silverthorne, nikamwelezea. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kitu hicho kinaweza kufungwa kwenye Fuso. Nikamwambia malori mengi yana ya kwao ya kuziba ekzosi, aikague kama valvu yake inafanya kazi na asiache ikafa kwa kutotumiwa.

Kwa hiyo kwa mtu wa milima, na kwa mtu mwenye trela ya magari matatu inayovuka paundi 16,000, sibishani. Achukue CDL, achukue pikapu ya daraja wanaloliita la tani moja yenye tairi nne nyuma ambayo kibandiko chake kinaruhusu, na achukue dizeli. Ndivyo nilivyofanya.

Wengine wote nawaomba wakae chini na kalamu. Chukua mfano huu. Petroli ikiwa na mzigo inakwenda maili nane kwa galoni, dizeli kumi na moja, na hizo ni namba za kawaida kwa mzigo wa kati. Sema petroli ni dola 3.00 na dizeli ni dola 3.70. Maili mia kwa petroli ni dola 37.50. Kwa dizeli ni kama dola 33.60. Umeokoa chini ya dola nne. Dizeli mpya inakugharimu karibu dola 10,000 zaidi wakati wa kununua, kwa hiyo utazirudisha baada ya maili robo milioni hivi, na hapo sijahesabu DEF, filta na riba ya mkopo. Sasa sema bei zimekaribiana, zote ni dola 3.30. Petroli inakuwa dola 41.25 kwa maili mia, dizeli 30. Umeokoa dola 11 na senti, na elfu kumi yako inarudi ndani ya maili 90,000. Tazama jinsi jibu linavyoruka kwa kubadilisha bei ya kituoni tu. Ndiyo maana mtu akiniambia dizeli inalipa, namuuliza inalipa wapi, mwaka gani, na kwa maili ngapi. Anayevuta kila siku anamaliza maili 90,000 ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Anayevuta Jumamosi na Jumapili kwa sababu ana kazi nyingine ghalani atazimaliza watoto wakiwa sekondari. Kweli dizeli inarudisha sehemu ya bei ukiiuza, wanunuzi wapo, lakini hiyo hela inakaa imelala ndani ya gari miaka yote hiyo.

Kuna jambo la DPF ambalo nalisema kwa uchungu, maana limemuumiza ndugu tunayesali naye, Mkongo wa Lubumbashi, mchapakazi kweli. Alinunua dizeli kwa kazi ya kukata majani na kupeleka mbao na udongo wa bustani ndani ya Fort Worth. Safari zake ni za maili tatu, nne, gari linawashwa na kuzimwa mchana kutwa, na wakati wa joto analiacha likinguruma ili vijana wapate kiyoyozi. Sasa chujio la masizi hujisafisha kwa kuyachoma yale masizi, na ili yaungue joto ndani ya ekzosi lazima lifike karibu nyuzi 600. Joto hilo linapatikana gari likitembea barabara kuu kwa muda wa kutosha. Gari la kusimamasimama halifiki. Linaanza kujisafisha, unazima, linaanza tena, unazima. Mafuta ya ziada yanayopuliziwa kwa kazi hiyo mengine yanashuka kwenye oili. Mwisho kompyuta inapunguza nguvu, taa zinawaka, gari linapelekwa gereji kwa kuvutwa. Alilipa maelfu, na kwa namna anavyolitumia tatizo lilirudi. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa limepewa kazi ambayo haikuumbwa kwa ajili yake, na aliyemuuzia hakumuuliza hata swali moja kuhusu kazi yake. Hili la muuzaji kutouliza linaniudhi mpaka leo. Petroli kwa kazi ile ingemtumikia miaka.

Baadhi ya watu humshauri mtu wa hali hiyo akate DPF, atoe mfumo wote, apachike programu ya kuidanganya kompyuta. Nimewakatalia na nitaendelea kuwakatalia. Ni kinyume cha sheria ya hewa safi ya nchi hii, faini zake zinaweza kumaliza biashara ndogo kama zetu, na gereji nyingi zinazojiheshimu hazitaligusa tena gari lako. Tena masizi yale yanaingia kwenye mapafu ya watu. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga zilizobanana na barabara kuu, watoto wetu ndio wanaoyavuta.

Baridi nayo ina neno. Februari 2021 Texas iliganda, Dallas ikafika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida inapokaribia nyuzi 10 chini ya sifuri huanza kutoa nta, nta inaziba filta, na injini inakufa hata kama tangi limejaa. DEF huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, ingawa tangi lake lina kipasha joto. Watu wa Wyoming na Minnesota wanauziwa dizeli ya majira ya baridi kituoni. Sisi wa kusini tunajaza Dallas dizeli ya nchi ya joto na kuelekea nayo Denver usiku. Ukienda kaskazini kuanzia Novemba, jaza nusu tangi tu nyumbani na umalizie kule kwenye baridi, weka dawa ya kuzuia kuganda kabla mafuta hayajaganda, maana yakishaganda dawa hiyo haifanyi kitu, na beba filta ya akiba pamoja na spana yake. Wa petroli analala bila kuwaza hayo.

Mwenye kununua dizeli iliyotumika, kwa kuwa wengi wetu tunanunua zilizotumika, namba ya maili haitoshi. Omba kompyuta isome saa ambazo injini imewaka na saa ambazo imewaka bila kutembea. Gari la maili 90,000 lenye saa nyingi za kusimama limechoka kuliko la maili 150,000 lililokimbia barabara kuu. Lifikie injini ikiwa baridi, gusa boneti kabla muuzaji hajaliwasha, kisha usikilize linavyowaka. Ingia chini na tochi uone kama DPF ipo mahali pake au kuna bomba jipya linalong'aa. Uliza risiti za filta za mafuta. Kwa petroli, angalia difu imeandikwa ngapi, vua kipimo cha oili ya giaboksi kama kipo na uinuse, oili iliyoungua haifichiki, na chunguza boliti za ekzosi pale inapoungana na injini, kwa sababu magari yaliyovuta sana huzikata. Na kwa lolote kati ya hayo mawili, piga picha vibandiko vya mlangoni, nenda nazo nyumbani, upige hesabu ya shingo ya trela yako kabla hujatoa hata dola moja ya kushikilia gari.